Upanga wa mazoezi: anza kutazama ncha, si mpini

SWALI: Nina miezi minne tangu nianze kujifunza upanga mrefu wa mikono miwili, mtindo wa Kijerumani unaotokana na Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga wa zamani. Mpaka sasa natumia panga za mbao za klabu na sasa nataka wangu. Wenzangu wamegawanyika: wengine wanasema ninunue wa nailoni kwa sababu ni salama, wengine wanasema nisipoteze hela, nichukue wa chuma moja kwa moja. Urefu wangu ni sentimita 165. Nimeona pia upanga mkubwa wa mapambo, hauna makali, na bei yake ni nusu ya ule wa mazoezi. Siwezi kuutumia huo? Na nitajuaje uzito unaonifaa?

JIBU: Nianze na upanga wa mapambo, kwa sababu huo unaweza kumuumiza mtu wiki hii hii. Uache dukani. Kweli hauna makali, lakini makali si kosa lake. Kosa la kwanza ni chuma chenyewe. Panga nyingi za kutundika ukutani hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho ni kizuri kwa kisu cha jikoni, lakini kikifanywa kirefu karibu mita moja na kugongwagongwa, hukatika badala ya kupinda na kurudi. Kosa la pili limefichwa. Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, mara nyingi ni fimbo nyembamba ya skrubu iliyochomelewa kitakoni mwa upanga. Hapo penye kuchomelewa ndipo nguvu ya kila pigo inapotua, na ndipo moto wa kuchomelea ulipokidhoofisha chuma. Siku panapoachia utabaki na mpini mkononi, na chuma kilichobaki kitakuwa kinaruka upande usiouchagua.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Upanga wa mazoezi una jambo lake la pekee: anayeulipia ni wewe, lakini anayenufaika na ubora wake ni aliyesimama mbele yako. Kwa hiyo unapochagua, usianze na mpini, ngozi iliyozungushiwa wala umbo la kifundo, yaani kile kichwa cha chuma kilicho mwishoni mwa mpini. Anza na upande ambao hutaushika kamwe. Uliza ncha itafanya nini ikimfikia mtu kifuani huku naye anakuja mbele. Ukilijibu hilo, sehemu kubwa ya mabishano ya mbao, nailoni na chuma inajimaliza yenyewe.

Kuchoma ndiko kunakopima upanga

Pigo la kukata linaumiza, linavimbisha na linaweza kuvunja kidole. Lakini mchomo una tabia mbaya zaidi: nguvu zote zinakusanyika kwenye eneo dogo kuliko ukucha, na nyuma yake kuna uzito wa miili miwili inayokutana. Kinachookoa hapo ni chuma kukubali kupinda. Kikipinda upesi, nguvu inayomfikia mwenzako inakoma kuongezeka. Kikikataa, unamsukuma kwa nondo.

Kupinda huku kunapimika, na kipimo chake ni rahisi. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, weka kipande cha ubao juu yake, simamisha upanga wima ncha ikiwa kwenye ubao, kisha kandamiza mpini kuelekea chini taratibu mpaka chuma kianze kujikunja kama upinde. Soma mizani. Utaona jambo la kuvutia: namba hupanda haraka, halafu chuma kikishaanza kupinda inatulia karibu pale pale hata ukiendelea kukandamiza. Namba hiyo iliyotulia ndiyo unayoitafuta. Vaa barakoa ya upanga, ile ya wavu wa chuma, unapofanya hivyo na usiweke uso juu ya kifundo. Ncha ikiteleza kwenye ubao, mpini hukurukia.

Kwa upanga mrefu wa mazoezi, kati ya kilo 8 na 14 hivi ni eneo la kawaida. Ukishuka sana chini ya hapo upanga unalegea, unatetemeka baada ya kila pigo, na ukipanguliwa unazunguka kinga na kumpiga mtu mgongoni mwa mkono. Ukipita 15 unakuwa mgumu kwa mapambano ya kasi, hata kama watu wamevaa vizuri. Mashindano mengi yana kikomo chake na huupima upanga mlangoni, kwa hiyo soma kanuni zao kabla ya kununua.

Namba peke yake haitoshi. Tazama pia chuma kinapinda wapi. Kinapaswa kuanza kujikunja kwenye theluthi ya mwisho kuelekea ncha, na mkunjo uenee taratibu kurudi nyuma. Ukiona kinapinda karibu na kikinga mkono, kile chuma kinachokingama juu ya mpini, mtengenezaji hakukipunguza unene inavyotakiwa. Upanga huo utayumba katikati kila panga mbili zinaposhikana. Ukiona mkunjo mkali sehemu moja tu, kama goti, hapo ndipo utakapokatika.

Kwa nini panga mbili zinazofanana kwa macho zipishane sana hapa? Kwa sababu ugumu wa bamba la chuma hufuata mchemraba wa unene wake, yaani unene mara unene mara unene: ukiongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa karibu theluthi. Tofauti ya sehemu ya milimita ambayo jicho halioni, mizani inaiona. Urefu nao unaingia humo. Chuma kifupi chenye unene ule ule hukataa kupinda kuliko kirefu. Hili linakuhusu wewe mwenye sentimita 165: ukichagua upanga mfupi kidogo, hakikisha mtengenezaji aliuchonga upya kwa urefu huo, si kwamba alichukua ule mrefu akaukata ncha.

Mbao

Panga za mbao unazotumia sasa zinafaa kwa ulichokuwa unafanya: mikao, hatua, mapigo ya taratibu, mazoezi ya wawili ambayo kila mmoja anajua kinachokuja. Mti mzuri ni ule mgumu usiopasuka ovyo, kama hikori, mti wa Amerika. Kagua nyuzi za mti: zinapaswa kukimbia moja kwa moja kutoka mpinini hadi nchani. Zikikata kona na kutokea ubavuni, upanga utapasuka hapo na kutoa kibanzi kirefu chenye ncha kama mkuki.

Mbao haipindi kwa mchomo. Hilo ndilo tatizo lake kubwa, na hakuna ncha ya mpira inayoliondoa kabisa. Kwa hiyo usipambane nazo kwa kasi, na usimchome mwenzako kwa nguvu hata katika zoezi la kawaida. Usizigonganishe na chuma pia. Chuma huzila kwa saa moja.

Nailoni

Wenzako wanaosema nailoni ni salama wana nusu ya ukweli. Haina kingo za chuma, haipati kutu, bei yake ni nafuu, na mtu mwenye barakoa, kinga ya koo, glovu nzito na koti la pamba anaweza kufanya nayo mengi. Kwa klabu changa yenye watu wengi na vifaa vichache, ni ununuzi wa busara.

Nusu nyingine wanaisahau. Upanga wa nailoni mara nyingi ni mwepesi, una uzito wa karibu kilo moja, na kitu chepesi huenda kasi. Nishati ya pigo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nishati inakuwa mara nne. Ndiyo maana watu hutoka kwenye mapambano ya nailoni na vidole vilivyovimba wakishangaa, maana waliambiwa ni plastiki. Halafu kuna aina nene zinazopinda kwa shida zaidi kuliko chuma kizuri. Ipime kwa mizani kama unavyopima chuma, usiiamini kwa jina la malighafi yake.

La pili linahusu ufundi. Mtindo unaojifunza umejengwa juu ya kuhisi: panga zikigusana, unasikia kwa mikono kama mwenzako amekaza au amelegea, kisha unaamua. Vyuma viwili vikikutana, kingo hushikana kidogo, na katika kushikana huko ndimo unamopata habari. Nailoni huteleza na kudunda. Mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima kwenye nailoni huzoea kupiga, kuruka pembeni na kupiga tena, kwa sababu kubaki kwenye mguso hakumlipi. Akipewa chuma inabidi afundishwe upya. Pia nailoni hujikunja kwa ubavu katikati ya pigo, ikazunguka kinga iliyowekwa sawasawa. Aliyekinga vizuri anapigwa, na anaondoka akiamini amekosea.

Ukiwa nayo, itunze kwa akili. Usiiegemeze ukutani penye joto, kwa maana itapinda. Ilaze chali au itundike. Ikishapinda, ilowanishe kwa maji ya moto, inyooshe kwenye meza na uishikilie mpaka ipoe. Kwenye baridi kali hukakamaa, kwa hiyo iache ipate joto la chumba kwanza. Kingo zake hutoa vinyuzi vya plastiki vinavyochana ngozi kama msumeno mdogo. Vikate kwa kisu kikali, kisha pitisha msasa.

Chuma

Kwa upanga mrefu, chuma unachokitafuta kinaitwa federi, neno la Kijerumani lenye maana ya unyoya. Utaitambua kwa umbo: chuma chembamba kama rula, na karibu na kikinga mkono kinatanuka ghafla kama mabega mawili kabla ya kuingia mpinini. Mabega hayo si urembo. Yanaongeza uzito karibu na mikono ili ncha iwe nyepesi na ipinde, huku upanga mzima ukibaki na uzito wa upanga wa kweli. Yanakinga vidole kiasi, na yanakupa mahali pa kuweka kidole gumba juu ya ubapa, jambo ambalo mapigo ya Kijerumani hulitaka mara kwa mara. Umbo hili halikubuniwa juzi. Linaonekana wazi katika michoro ya kitabu cha Joachim Meyer kilichochapishwa mwaka 1570.

Kuna panga nyingine za chuma zisizo na makali, zilizotengenezwa kwa ajili ya maigizo ya vita vya zamani. Hizo huwa nene na ngumu, kwa kuwa wenye maigizo hawachomi. Zikija kwenye zoezi lako ni hatari ile ile ya mbao, ila zina uzito zaidi. Muuzaji akikuambia upanga wake "ni imara kabisa, haupindi hata kidogo", amekupa sababu ya kutoununua.

Malighafi inayofaa ni chuma cha springi. Utakutana na namba za aina za chuma kama 51CrV4 (ambayo Wamarekani huiita 6150), au aina nyingine, 5160. Usisumbuke sana kuchagua kati ya hizo, kwani mtengenezaji mzuri atatoa upanga mzuri kwa yoyote kati yake. Kinachotenganisha upanga na upanga ni matiko, yaani namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa ili kipate ugumu. Chuma kikitiwa matiko kupita kiasi huwa kigumu na huvunjika kama kigae. Kikipungukiwa hubaki kimepinda kila ukichoma. Kipimo cha ugumu kinachotajwa kwa panga hizi huwa karibu 50 kwenye mizani ya Rockwell C. Anayekutajia 60 kama sifa anauza kitu kingine.

Kingo ziwe na unene usiopungua milimita 1.5, na 2 ni bora zaidi, tena ziwe za mviringo. Pitisha kidole gumba chenye glovu nyembamba kutoka chini hadi juu: usisikie kona. Ncha iwe imekunjwa kurudi nyuma kama ukurasa uliofungwa, au imetanuliwa na kuviringishwa kama kijiko bapa. Wengi huongeza kofia ya mpira au ngozi juu yake na kuifunga kwa utepe. Fanya hivyo, ila chagua utepe wa rangi inayopigana na rangi ya chuma, njano au nyekundu, ili kofia ikiruka katikati ya mpambano kila mtu aone. Na uifungue mara moja kwa mwezi, maana unyevu hujificha chini yake na ufa pia.

Vipimo vyako

Filippo Vadi, mwalimu wa Kiitalia wa karne ya 15, alitoa kipimo ambacho bado kinafanya kazi: upanga ukisimama wima sakafuni, kifundo kifike kwapani. Kwa mtu wa sentimita 165 hiyo ni kama sentimita 122 hadi 126 kwa jumla. Federi nyingi zinazouzwa ni sentimita 128 hadi 135, zinazompendeza mtu wa sentimita 180. Unaweza kuzitumia, lakini utajikuta ncha inakwaruza sakafu kila unapoishusha upande wa nyuma, na mikono inatanuka kupita kiasi kwenye mkao wa juu. Tafuta chuma chenye sentimita 92 hadi 96 kutoka kwenye kikinga mkono, na mpini pamoja na kifundo wa kama sentimita 28 hadi 30.

Mpini usiupime kwa mikono mitupu. Glovu nzito zinahitaji takriban sentimita 12 kila moja, na mpini unaoonekana mrefu dukani unageuka mfupi ukizivaa. Ukikosa nafasi, mkono wa chini utashika kifundo, jambo ambalo si baya ikiwa kifundo ni cha umbo la pea. Kikiwa gurudumu bapa lenye kona, kitakuchubua. Na umbo la mpini liwe la yai, si duara kamili, ili mkono ujue bila kutazama kingo zimeelekea wapi.

Kuhusu uzito: panga za kweli za mikono miwili zilikuwa kwa kawaida kati ya kilo 1.1 na 1.8, na federi nyingi ziko kati ya 1.3 na 1.6. Kwako wewe ningesema 1.3 hadi 1.45. Lakini namba hii inadanganya ikiachwa peke yake. Panga mbili za kilo 1.4 zinaweza kuhisiwa kama vitu viwili visivyojuana, kwa kutegemea uzito umekaa wapi. Uweke upanga juu ya kidole chako cha shahada mpaka usawazike, kisha pima kutoka hapo hadi kwenye kikinga mkono. Sentimita 5 hadi 8 ni pazuri. Ikiwa 3 au chini, ncha haina uzito wa kutosha na utazoea kupiga kwa kiwiko tu. Ikipita 10, kusimamisha pigo katikati ya njia kutakuchosha kifundo cha mkono, na kusimamisha pigo ni adabu ya kwanza ya kumlinda mwenzako.

Hata kipimo hicho kinachezewa. Mtengenezaji mvivu huchukua chuma kizito na kukifungia kifundo kizito. Usawa unakaa pazuri kwenye kidole, lakini upanga unageuka kama mzigo wenye vichwa viwili. Jaribio linaloumbua ni hili: shika kwa mikono miwili, ncha mbele ya uso, ipeleke kushoto kwa kasi na uisimamishe ghafla, kisha kulia. Upanga mzuri unasimama nawe. Mbaya unaendelea na safari, au ncha inatetemeka kwa muda mrefu baada ya mikono kutulia.

Kabla ya kulipa

Angalia mwisho wa kifundo. Msuka ama umepitishwa ndani ya kifundo na kupondwa kwa nyundo mpaka ukawa kama kichwa cha ribiti, ama umefungwa kwa nati. Njia zote mbili ni sawa. Ya kwanza hailegei kirahisi. Ya pili inakuruhusu kubadilisha chuma kikichoka bila kununua upanga mzima, nayo inataka kukazwa mara kwa mara kwa gundi ya skrubu ya nguvu ya wastani. Usikaze kwa hasira, kwani ndani ya mpini kuna mti na unaweza kuupasua. Muulize muuzaji swali moja: je, msuka na chuma ni kipande kimoja, na pembe zake pale unapoanza zimeviringishwa? Pembe kali ya mraba hapo ni mwanzo wa ufa.

Shika upanga karibu na sikio na uutikise. Usisikie kitu kikicheza ndani. Tazama kwa urefu, kama fundi anavyotazama ubao, uone kama umenyooka. Mkunjo mdogo mmoja hausumbui. Mkunjo wa herufi S unaonyesha kwamba umepindwa na kunyooshwa mara nyingi, na kwa upanga uliotumika hiyo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Ugonge kwa kifundo cha kidole ukiwa umening'inia: mlio mrefu na safi ni dalili njema, mlio uliokufa kama wa sufuria yenye ufa unakuambia ukague kila sentimita.

Ukitaka jina la pa kuanzia utafiti, Regenyei wa Hungaria anajulikana sana kwa federi, na Blackfencer wa Hispania kwa za nailoni. Watengenezaji wazuri wapo wengi, na wengi wana foleni ya miezi. Agiza mapema.

Fedha iende wapi kwanza

Hapa jibu langu linaweza kukuchukiza: usianze na upanga. Anza na barakoa. Ya mchezo wa vitara wa Olimpiki yenye kiwango cha nyutoni 1600 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) inafaa kama msingi, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya vitara vyepesi na inaacha kisogo wazi. Ongeza kifuniko cha kisogo na juu ya kichwa. Baada yake kinga ya koo iliyo ngumu, si ya kitambaa peke yake. Kisha glovu.

Glovu ndipo watu wanapobana hela na kulia baadaye. Mikono ndiyo shabaha iliyo karibu zaidi, na kidole gumba ndicho kinachopigwa kuliko vyote. Kwa nailoni unaweza kuvumilia glovu nene za michezo mingine, kama za lakrosi, ukipambana kwa kiasi. Kwa chuma hazitoshi: ncha za vidole ziko wazi na kidole gumba hakina ganda. Nunua zilizotengenezwa kwa ajili ya upanga mrefu, zenye maganda magumu hadi mwisho wa kila kidole.

Koti liwe na tabaka nene, lenye kiwango cha nyutoni 350 au 800. Namba hizi hueleweka vibaya mno. Zinapima kitambaa kinavyokataa kutobolewa, si kinavyopunguza uchungu wa pigo. Koti jembamba la 800 litazuia chuma kilichovunjika kisikuingie, lakini pigo la bega utalisikia lote. Viwiko, magoti na nyonga havihitaji maelezo marefu. Viwekee kinga ngumu juu yake.

Sasa mabishano ya wenzako. Ikiwa klabu inaazimisha federi na wanaopambana wengi wanatumia chuma, ruka nailoni. Nunua vifaa vya kujikinga kwa utaratibu huo, endelea kuazima, na upanga wako uwe ununuzi wa mwisho. Ikiwa klabu nzima inatumia nailoni, nunua ya nailoni, kwa sababu huwezi kupambana kwa chuma na mwenye plastiki. Kingo zako zitaichana na yeye hatakuwa amevaa vya kukukabili. Jamii ya upanga wako ifuate jamii ya upanga wa unayecheza naye.

Kwa silaha nyingine vipimo hubadilika lakini swali la ncha halibadiliki. Upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo, kama katika I.33, mswada wa zamani wa mafunzo ya upanga uliohifadhiwa Royal Armouries, makumbusho ya silaha huko Leeds, Uingereza, huwa kati ya kilo 0.9 na 1.2. Kitara ni chepesi zaidi na hakihitaji nguvu. Rapia huchoma kuliko kukata, kwa hiyo ncha ya mpira ni lazima na chuma kiwe chepesi kupinda kuliko federi.

Utunzaji, na siku ya kuustaafisha

Jasho ni adui wa kwanza wa chuma. Baada ya kila zoezi futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta mepesi ya mashine. Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma.

Kingo zitapata meno na mapengo. Hiyo ni kawaida. Kila jino linalosimama nje ya ukingo litachana glovu na koti la mtu, kwa hiyo liondoe kwa tupa laini ukivuta kwa urefu wa upanga, kisha msasa wa 220 na wa 400. Mapengo yasiyofika milimita moja, yaviringishe tu yasiwe na umbo la V. Pengo lenye kona kali kwenye theluthi ya mwisho, pale chuma kinapopinda kila siku, halisameheki, kwa sababu ufa huanzia hapo. Geuza upanga mara kwa mara, siku hii ukingo huu mbele, siku nyingine ule, ili usipinde upande mmoja miaka yote. Ukipinda, unyooshe kwa goti kidogokidogo ukiusogeza, usiuvunje nguvu sehemu moja.

Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, upanga umekwisha. Usiuchomelee: moto utaharibu matiko sentimita kadhaa kila upande, na utaurudisha kwenye kosa lile lile la upanga wa mapambo. Vivyo hivyo ukikatika katikati ya mpambano. Paza sauti, wote wasimame, maana kipande kilichobaki mkononi kina ncha kali kuliko upanga wowote wa makali. Upanga uliostaafu usimpe mwanafunzi mpya "aanzie hapo". Toa kifundo na kikinga mkono, vinaweza kuvaa chuma kipya, na chuma cha zamani ukikate vipande kwa msumeno kabla hakijakwenda jalalani, asije mtu akakiokota na kukitia mpini.